MAMBO YA NYUMBANI: Mtoto Aliyenuna Ana Jambo

Watu wengi hudhani ya kuwa mtoto akikasirika amekosa adabu, na ya kwamba dawa ya kukosa adabu ni fimbo. Dhana hiyo ni ya zamani, wala haikosi chembe ya ukweli, kwani yuko mtoto apigaye kelele dukani kwa sababu tu amezoea kupewa kila akitakacho. Lakini huyo ni mmoja. Wengi wa wale wanaonuna, wanaosusa chakula au kuwapiga wadogo zao, wana jambo lililowapata ambalo hawana neno la kulisemea. Karani apokeapo barua hawezi kuiweka mahali pake kabla ya kuisoma na kujua yahusu nini. Na mkulima aonaye majani ya mahindi yamegeuka manjano hanyunyizi dawa papo hapo, maana huenda udongo umepungukiwa na mbolea, au maji yametuama, au ni mdudu, na kila moja la hayo lina tiba yake. Ni ajabu kwamba mtu huyo huyo, aliye mwangalifu hivi kazini au shambani, akifika nyumbani na kumkuta mtoto amenuna, hana ila tiba moja.

Mtaa wa Olympic uko ukingoni mwa Kibera, kilomita chache kusini-magharibi ya katikati ya jiji la Nairobi. Shule ya Msingi ya Olympic, ambayo ni ya serikali, iliwahi kusifika kwa matokeo yake ya mtihani wa KCPE, na elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwezi wa Januari 2003 madarasa yake yalifurika watoto. Watu wa pande hizo wametoka mahali pengi. Wako Wanubi, ambao mababu zao walikuwa askari wa King's African Rifles waliopewa makao pale mwanzoni mwa karne ya 20. Wako Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu na wengineo. Mtoto husikia lugha ya wazazi wake nyumbani, Sheng njiani, Kiswahili na Kiingereza darasani. Ana lugha nne, na hata hivyo akiulizwa ana nini hujibu, "Nimekasirika," au "Nimeboeka," na mazungumzo yakaishia hapo.

Si kwamba Kiswahili ni maskini. Hamaki ni hasira inayowaka ghafula na kuzimika upesi kama moto wa mabua. Kinyongo ni ile inayofichwa moyoni siku nyingi. Uchungu ni maumivu ya mtu aliyedhulumiwa. Fedheha humpata aliyeaibishwa mbele ya watu. Ukiwa ni hali ya aliyeachwa peke yake. Anayenuna amefunga mdomo. Anayesusa amekataa hata kile anachokitamani. Anayedeka ajua kwamba yupo wa kumbembeleza. Mtoto wa miaka saba au minane aweza kuyajua maneno haya na kuyatumia, kama anavyojua majina ya wachezaji wa mpira wa ng'ambo asiowahi kuwaona. Shuleni hufundishwa mapambo ya insha, akaandika kwamba alifurahi ghaya na kwamba uso wake ulijaa bashasha, naye apata alama nzuri. Bali jioni hiyo hiyo, akiwa na donge kooni, hajui aliite nini.

Mfano ni mtoto wa gredi ya tatu arudiye nyumbani mchana, akautupa mkoba, akaipiga teke beseni ya maji, kisha akamzaba kofi dada yake mdogo. Mama yake amekuwa akifua nguo za watu tangu asubuhi, na maji yaliyomwagika ameyanunua kwa mtungi. Aona hasara, aona utundu, naye avua ndara. Mtoto alia, dada alia, jirani achungulia mlangoni. Ikiwa kuna somo lolote lililofundishwa hapo, basi ni hili: kwamba mtu akikasirika humpiga aliye mdogo kuliko yeye. Mtoto alikuwa amekwisha kulijua somo hilo kabla hajafika nyumbani, ndiyo maana alimpiga dada yake.

Lakini asubuhi, darasani, yeye na wenzake watatu walikuwa wameitwa mbele na kuambiwa warudi nyumbani kwa kuwa hawajaleta fedha fulani iliyotakiwa, na darasa zima likawatazama wakitoka. Mama angaliketi naye kwenye kizingiti kwa dakika tano, mambo yangalikwenda kwa njia nyingine.

"Njoo hapa, baba. Naona kuna kitu kimekuuma. Ni hasira, au ni fedheha?"

"Fedheha ni nini, mama?"

"Ni pale mtu anapoaibishwa na wenzake wakimtazama."

Hapo mtoto hunyamaza. Huenda akalia, na kilio hicho si kile cha ndara. Kisha hueleza, na mama apata habari ambayo kwa vyovyote alihitaji kuipata.

Yafaa isemwe wazi kwamba kumwelewa mtoto si kumwachilia. Maji yamemwagika na dada amepigwa. Mtoto huyo hana budi kupangusa sakafu, kumwomba dada yake radhi, na kesho kubeba mtungi mmoja mwenyewe. Tofauti ni kwamba atafanya hayo akijua amekosa nini: kosa lake ni kupiga, si kuona fedheha. Wazazi wengi huyachanganya mambo haya mawili, wakamwadhibu mtoto kwa kuhisi, naye mtoto hujifunza kuficha. Mzazi aliyelelewa hivyo aghalabu hujivunia mwanawe mnyamavu, hata siku anapogundua kuwa hajui lolote la kijana wake wa miaka 15.

Wataalamu wa siku hizi wamepata ushahidi kuwa kuitaja hali ya moyo kwa jina lake huipunguza makali. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza majaribio waliyoyafanya kwa watu waliokuwa wakionyeshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu, huku ubongo wao ukipigwa picha kwa mashine. Mtu alipoambiwa achague neno la kuitaja hali ya uso ule, sehemu ya ubongo inayopiga mbiu ya hatari ilitulia, na sehemu moja ya mbele, nyuma ya paji la uso, ikazidi kufanya kazi. Waliojaribiwa walikuwa watu wazima, wala si watoto. Tena ijulikane kwamba sehemu hiyo ya mbele ndiyo ichelewayo kukomaa. Huendelea kujengwa hata mtu akaribiapo miaka 25. Kwa hiyo kumwambia mtoto wa miaka minne "Jizuie!" ni kama kumtaka abebe gunia la mahindi. Si mkaidi, mgongo haujawa tayari. Humpasa mkubwa alishike gunia upande wa pili.

Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu maneno yenyewe hayafai kitu wakati amejitupa chini na kurusha miguu. Huyo ashikwe, au akikataa kushikwa mtu akae karibu naye, avumilie, na kuangalia asijiumize. Dhoruba hiyo hupita. Baada yake, akiwa amekwisha kunywa maji na kupumua, ndipo aambiwe kwa maneno machache, "Ulitaka kisu, mama akakataa, ukakasirika." Haijalishi kama hawezi kujibu. Anasikia.

Watu wengine watasema mambo haya ni ya Wazungu. Wasemao hivyo wangestaajabu kusoma yaliyoandikwa juu ya nchi yao wenyewe. Robert LeVine, mtaalamu wa Kimarekani, alikaa kwa Wakisii kuanzia 1955 hadi 1957, akarudi huko pamoja na wenzake katika miaka ya 1970, na kitabu chao juu ya malezi kilitolewa mwaka 1994. Waliwaona akina mama wa Kisii wakikijibu kilio cha mtoto mchanga upesi, kwa kumbeba, kumtuliza na kumnyonyesha, kuliko akina mama wa Marekani waliolinganishwa nao. Mtoto hakuachwa alie ati ajifunze. Alipokua kidogo ndipo alipotakiwa kuwa mtiifu na mwenye heshima, wala hakumwagiwa sifa. Yaani utulivu ulianzia mgongoni mwa mama, au mgongoni mwa dada aliyemlea, kabla ya kuamriwa kwa maneno.

Habari nyingine yatoka Kameruni. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Chuo Kikuu cha Stanford, Walter Mischel alianza kuwapima watoto kwa kuwawekea kitu kitamu mezani na kuwaambia kwamba wakingoja bila kukila watapewa cha pili. Jaribio hilo lilipata sifa duniani kote. Mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walitangaza kwamba walilifanya kwa watoto wa miaka minne wa Kijerumani na wa kabila la Nso, ambao ni wakulima. Wanso waliwekewa puff-puff, ambayo haitofautiani sana na mandazi. Katika Wajerumani waliweza kungoja dakika 10 hizo karibu watoto 28 kwa kila 100. Katika Wanso, karibu 70. Wakulima hawana haja ya kuona haya kwa malezi yao. Hata hivyo, mtoto kuweza kungoja mbele ya mandazi ni jambo moja, na kuweza kusema kilichomuumiza ni jambo la pili. Malezi ya kale yalikuwa hodari sana katika hilo la kwanza. La pili liliachiwa bibi na babu, na watani, na ndugu wa rika moja, ambao mtoto wa Olympic huenda anawaona mara moja kwa mwaka.

Hapo ndipo tofauti ya mji na shamba inapoonekana. Kijijini mtoto mwenye hasira hutoka akaenda kwa mbuzi, au akapanda mpera, au akalala kwa bibi yake mpaka moyo upoe. Nyumba nyingi za Kibera ni chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, na humo ndimo watu wapikamo, walalamo, wasomamo na wagombanamo. Ukuta wa mabati hauzuii sauti. Mzazi aliyetoka alfajiri kwenda kwa miguu mpaka Eneo la Viwanda hurudi usiku akiwa amechoka, na mkubwa wa nyumba mchana kutwa amekuwa binti wa miaka 11. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na watoto walio wengi wasirudi darasani mpaka Januari 2021, vyumba hivyo viliona mengi. Mvulana hupata nafuu kwenye mpira katika uwanja wa Kamukunji. Msichana hana uwanja, ana masufuria. Si jambo la kushangaza kwamba hasira zake hutoka kwa njia ya kimya, na kimya chake husifiwa kuwa ni adabu.

Tena yako mambo ambayo hayawezi kusemwa kuwa ni ya nyumba moja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na Kibera ilikuwa mojawapo ya mahali palipoumia. Nyumba zilichomwa, soko la Toi likateketea, na reli ipitayo Kibera ikang'olewa. Watoto waliona. Yule aliyekuwa na miaka minane siku zile sasa ni mtu mzima, na wengine wao ndio wanaowapeleka watoto wao shule leo asubuhi. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kubomoa nyumba ili barabara ipite, na maelfu ya watu wakahama. Shule kadhaa zilibomolewa siku zile. Mzazi ashtukaye kila asikiapo kelele nje hawezi kumtuliza mtoto kwa urahisi, maana mtoto husoma uso wa mzazi kabla ya kusikia maneno yake. Si aibu kwa mzazi wa namna hiyo kumwambia mwanawe, "Nimeogopa kidogo, ngoja nipumue." Mtoto aliyesikia maneno hayo mara tatu au nne kutoka kwa baba yake amepata fundisho ambalo halimo katika kitabu chochote cha shule.

Hapa wengi watarudia ile kauli kwamba mwanamume halii. Ingefaa kauli hiyo ichunguzwe imetoka wapi. Katika mila ya Wajaluo, mzee akifa, wanaume hufanya tero buru: hutoka na ng'ombe, wenye silaha na silaha zao, wakakimbia na kupiga kelele ili kukifukuza kifo, na wanaume wakubwa hulia kwa sauti mbele ya umati. Uchungu na ghadhabu hupewa siku yake, mahali pake na watu wa kuzishuhudia, na hakuna amwambiaye mtu yeyote kwamba amepungukiwa na uanaume. Ni mvulana wa Olympic, ambaye baba yake amezikwa mbali naye akabaki mjini kwa sababu ya nauli, aambiwaye ajikaze.

Kuhusu fimbo, sheria imekwisha kusema. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na kifungu cha 29 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamkinga kila mtu na adhabu ya kupigwa. Fimbo haikuisha siku hiyo, na kila mzazi anajua hivyo. Mwalimu mwenye darasa la watoto wengi kupita kiasi hana muda wa kuketi kizingitini na kila mmoja. Hilo ni kweli, na ni vigumu kumlaumu. Lakini hata yeye aweza kumtoa mtoto nje ya macho ya wenzake kabla ya kumwambia habari ya fedha, na jambo hilo halimgharimu hata senti moja. Aweza pia kuandika ubaoni neno moja la moyo kila Jumatatu, fedheha wiki hii, kinyongo wiki ijayo, na kuwauliza watoto watoe mifano. Mifano yao itamfundisha mengi.

Wazee walioko mashambani nao wana kazi. Likizo ya Agosti na ya Desemba huwaletea wajukuu kutoka Nairobi, na malalamiko husikika kwamba watoto hao ni wakali, hawasalimu, hawataki kutumwa. Wasihojiwe wakiwa wamesimamishwa mbele ya wakubwa kama washtakiwa. Mtoto huzungumza zaidi mikono yake ikiwa na kazi na macho yake yasipolazimika kukutana na macho ya mkubwa. Apewe maharagwe ya kuchambua, au mahindi ya kupukuchua, au aende na babu kuteka maji. Siku ya tatu au ya nne, katikati ya gunzi moja na jingine, atasema jambo. Mzee asilidakie. Apukuchue gunzi lake, aseme "Mm," na kungoja.

Ziko pia dalili zisizotibiwa kwa mazungumzo ya nyumbani. Mtoto aliyekuwa amekwisha kuacha kukojoa kitandani na sasa ameanza tena kwa majuma. Asiyelala kwa ndoto za kutisha. Anayejiumiza au kutesa wanyama. Aliyenyamaza kabisa na kuacha kucheza na wenzake. Anayeogopa mtu fulani mmoja na kukataa kusema kwa nini. Huyo apelekwe kituo cha afya, na habari za yule wa mwisho zifike bila kuchelewa kwa Afisa wa Watoto au kituo cha polisi. Iko pia simu ya kusaidia watoto nchini Kenya, namba 116. Haitozwi ada, hupokelewa usiku na mchana, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga.